Taka za jikoni zisifike Pugu



Nina ombi moja kwa wakazi wenzangu wa Dar es Salaam. Tuache kutia maganda, makombo na mabaki ya mboga kwenye kiroba kimoja na plastiki na chupa. Tukizitenga taka zinazooza tangu jikoni na gengeni, tutaikata mojawapo ya gesi zinazoipandisha dunia joto kwa kasi zaidi, na hatuhitaji kungoja teknolojia kutoka ng'ambo.

Kila siku magari ya taka yanaelekea dampo la Pugu Kinyamwezi, na zaidi ya nusu ya mzigo wake ni vitu vinavyooza. Pita soko la Mabibo asubuhi ndizi zinaposhushwa. Majani makavu ya mgomba yaliyofunikia mzigo, vikonyo vya mikungu na mananasi yaliyopondeka vinasukumwa pembeni kwa koleo, pamoja na mifuko na chupa za maji. Ikifika jioni ni lundo moja linalochuruzika maji meusi, na hakuna tena awezaye kulichambua.

Damponi, lundo hilo linafukiwa na taka za kesho yake. Hewa haipenyi. Bakteria wanaoishi pasipo oksijeni wanalimeng'enya, na kinachotoka ni methani, gesi isiyoonekana wala kunuka. Maganda yaleyale yakiozeshwa penye hewa, yakageuzwa kila baada ya siku kadhaa, hutoa methani kidogo sana, na mwisho wake ni mboji ya kurutubisha bustani.

Methani ni mojawapo ya gesijoto. Jua linaipasha ardhi, ardhi nayo inalirudisha joto juu, na gesijoto zinanasa sehemu yake lisipotee angani. Bila gesi hizo dunia ingeganda kwa baridi. Balaa ni kuzidi kwake. Kabla ya zama za viwanda, hewaukaa ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni ya hewa. Leo imepita 420. Methani nayo imeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Ukipima kwa miaka 20, tani moja ya methani inapasha dunia joto takribani mara 80 zaidi kuliko tani moja ya hewaukaa.

Hata hivyo methani haidumu. Hukaa angani miaka 12 hivi, wakati sehemu ya hewaukaa tunayoitoa leo itakuwapo karne nyingi zijazo. Kwa hiyo methani tutakayoizuia mwaka huu, nafuu yake tutaiona sisi wenyewe na watoto wetu.

Najua wengi watasema walioharibu ni mataifa ya viwanda. Ni kweli, na tusiache kuyadai. Hewaukaa inayotoka Afrika nzima haifiki asilimia 5 ya ile ya dunia. Lakini mvua haiulizi nani alianza. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7, na mvuke huo ndio unaoshuka kwa kishindo. Bonde la Msimbazi linajulikana kwa mafuriko. Maji yakija, hukuta mitaro imeshibishwa taka zetu. Tukitenga taka tunapunguza joto la kesho, na tunafungua mtaro wa leo.

Wala jambo hili si geni hapa kwetu. Katika kata ya Bonyokwa, kwa msaada wa asasi ya Nipe Fagio, taka zimekuwa zikitengwa nyumbani na kukusanywa mlango kwa mlango. Huko Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni kwa ushirikiano na jiji la Hamburg ilijenga kituo cha kutengeneza mboji kwa taka za masokoni. Wafugaji nao wanazitumia taka za chakula kukuza funza wa nzi askari mweusi, chakula kizuri cha kuku. Jirani zetu Kenya wameshapitisha sheria, mwaka 2022, inayotaka taka zinazooza zitengwe na nyingine.

Basi tugawane kazi. Nyumbani tuweke ndoo mbili: moja ya kinachooza, nyingine ya kisichooza. Mama lishe na wauza matunda tukubaliane na mfugaji au mkulima wa mboga wa jirani aje kuchukua maganda. Kamati za masoko zitenge eneo la taka zinazooza, na koleo lisichanganye tena. Tunalipa ada ya taka. Kwenye mkutano wa mtaa tumuulize mwenyekiti: tukishatenga, mkandarasi atazibeba zikiwa zimetengwa, au atazichanganya tena kwenye gari lake? Madiwani watuwekee vituo vya mboji katika kila manispaa. Na vijana wanaookota chupa juani walipwe na wapewe glavu, kwani wameifanya kazi hii miaka mingi bila sisi kuwashukuru.

Tuanze Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, siku yetu ya usafi. Tumezoea kufagia na kukusanya lundo moja. Safari hii kila mtaa ukusanye malundo mawili, na lile linalooza lisipande gari la Pugu. Kisha twende ofisi ya serikali ya mtaa siku hiyohiyo, tuombe kwa maandishi utaratibu huo uingizwe kwenye mkataba wa mkandarasi. Akienda mmoja ataambiwa asubiri. Tukienda mtaa mzima, tutasikilizwa.