Kuihukumu Picha Bila Kuijua Nasaba Yake

Mwezi wa Septemba 2022, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa ombi la Baraza la Sanaa la Taifa, ilivizuia vituo vya utangazaji kuonyesha “Mtasubiri” ya Diamond Platnumz na Zuchu, kwa kuwa video yake ina kipande cha kwaya ya kanisani ambamo mwimbaji anaiacha ibada akamwendee mpenziwe. Hukumu hiyo naiona batili. Ilisimama juu ya manung’uniko ya waliokereka, na kiini chenyewe cha shauri, yaani picha, hakikupimwa.

Kwamba muumini astahiwe, nakubali. Kwamba Baraza lina mamlaka kwa sheria ya mwaka 1984, hilo nalo halina ubishi.

Lakini mtu atokaye Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, afikapo Kisesa akapanda Bujora, atalikuta kanisa lililojengwa kwa juhudi ya Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, ambamo altare ina sura ya kiti cha mtemi na tabernakulo ina umbo la nyumba ya Kisukuma. Na ndiye padre huyo aliyeifungamanisha sikukuu ya Ekaristi na mashindano ya ngoma ya Bulabo, ambamo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, mahasimu tangu zama za mababu, hushindana kuvuta umati, ilhali kila mtu katika nchi ile ajua kwamba ushindi wa ngoma aghalabu ulitafutwa kwa dawa za waganga. Je, kuna mchanganyiko wa kanisa na dunia uliokuwa na hatari kuliko huo? Nao umedumu, kwa sababu aliyeuunda alikijua kiti kile kilimaanisha nini kwa watu wake kabla hajakiweka mahali patakatifu. Kadhalika Bernini, huko Roma, alipoimaliza sanamu ya Mtakatifu Teresa mwaka 1652, alimpa uso ambao wengi wameuona kuwa wa mwanamke aliyezidiwa na mahaba, na sanamu ingali kanisani hadi leo.

Basi swali la haki juu ya “Mtasubiri” ni hili: kanisa lile lina kazi gani ndani ya picha? Je, linaupa uzito uamuzi wa binti yule, au ni pambo tu la nyuma? Kama ni pambo, hiyo ni ila ya sanaa, na dawa yake ni uhakiki. Nao watengenezaji wetu wa video hawana udhuru. Hapa Mwanza humpeleka msanii kwenye Jiwe la Bismarck, droni ikalizunguka jua likizama, kama walivyofanya waliotangulia, na ngoma za watemi zilizohifadhiwa Bujora hawazitazami. Beyoncé na Jay-Z, walipoingia Louvre na kutoa video yao mwaka 2018, walijua mtu mweusi akisimama mbele ya mchoro wa kutawazwa kwa Napoleon anasema neno gani, ndiyo maana picha yao ilisomeka.

Subira yangu yaniishia ninapoona chombo cha sanaa kikitoa amri bila neno moja la sanaa. Mchoro gani, sanamu gani, jukwaa gani la kale walililinganisha na kipande kile? Kwa kipimo gani madhabahu ya Bujora ni halali na kwaya ya Zuchu ni haramu? Jibu liandikwe na kutiwa saini, wasanii walisome, wapate kulijibu.