Ruzuku si Hatamu

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba Serikali ikigharimia ngoma, basi ngoma hiyo haina budi kuisifu Serikali. Husema hivyo kwa kujiamini sana, kana kwamba historia imekwisha kuwapa ushahidi. Na tuwapime kwa jumba moja tu la michezo ya kuigiza, Abbey Theatre, lililofunguliwa mjini Dublin tarehe 27 Desemba 1904, wakati Ireland ingali chini ya Mwingereza.

Waasisi wake, W. B. Yeats na Lady Gregory, walitaka watu wa Ireland wajione jukwaani kwa macho yao wenyewe. Fedha, hata hivyo, zilitoka kwa Mwingereza tajiri, Bibi Annie Horniman. Mwaka 1910 Mfalme Edward VII alipofariki, jumba halikufunga milango kuomboleza. Bibi huyo akaghadhibika na kukata msaada wake. Tusomapo habari hii hutikisa vichwa na kusema: huo ndio ubeberu, mfadhili hutaka msiba wake uwe msiba wa kila mtu. Vema. Lakini tusubiri.

Mwaka 1925 dola changa ya Ireland, iliyokuwa imetoka juzi tu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923, ilitenga pauni 850 kwa ajili ya Abbey. Aliyezitoa ni Waziri wa Fedha, Ernest Blythe. (Wale wanaotuambia kila siku kwamba utamaduni ni anasa ya mataifa yaliyoshiba na waitafakari hesabu hiyo.) Haukupita muda, mjumbe wa Serikali katika halmashauri ya jumba, George O'Brien, akadai sehemu kadhaa za tamthilia ya Sean O'Casey, The Plough and the Stars, ziondolewe. Wenzake walipunguza machache waliyoona wenyewe hayafai, lakini walikataa katakata kuamriwa kwa sababu ya fedha. Yeats alikuwa radhi kuikosa ruzuku.

Tamthilia yenyewe ilihusu Uasi wa Pasaka wa 1916. Ndani yake bendera za wapiganaji zinaingizwa katika kilabu cha pombe, mahali ambapo kahaba anatafuta riziki. Usiku wa tarehe 11 Februari 1926 wajane na akina mama wa mashujaa wakasimama kupinga, ghasia zikazuka, polisi wakaitwa. Aliyewaongoza, Hanna Sheehy-Skeffington, hakuwa mtu wa kubezwa: mumewe alipigwa risasi na askari wa Kiingereza siku zile za uasi, bila ya kuhukumiwa. Hoja yake haikuwa ya maadili bali ya taifa. Jumba linalolishwa na taifa, alidai, halina ruhusa ya kuwadhihaki waliolifia taifa.

Uchungu wake nauheshimu. Hoja yake siikubali. O'Casey aliwahi kuwa katibu wa Jeshi la Raia, mojawapo ya majeshi yaliyoasi. Seán Connolly, mwigizaji wa jumba hilohilo, aliuawa siku ya kwanza ya uasi akipigana kwenye jengo la Halmashauri ya Jiji. Hawa si wageni waliokuja kucheka matanga ya watu. Alichokifanya O'Casey ni kuwahesabu pia wafu wasio na mnara: mtoto wa fukara afaye kwa kifua kikuu, mwanamke apigwaye risasi dirishani. Nani kasema hao si taifa?

Na tofauti iko wapi kati ya Bibi aliyetaka jumba limlilie mfalme, na mzalendo atakaye jumba lisifanye lolote ila kuwalilia mashujaa? Hatamu ni ileile; imebadilika tu mikono.

Usiku wa tarehe 17 Julai 1951 Abbey ilionyesha tamthilia ileile ya O'Casey, na kabla ya mapambazuko jengo likashika moto. Wachezaji walihamia jumba jingine kwa miaka 15. Jumba jipya lilifunguliwa tarehe 18 Julai 1966, mwaka wa hamsini tangu uasi. Serikali ilisaidia kulijenga, na The Plough and the Stars imerudi jukwaani humo mara nyingi.