Kutu ya Tajiri Isipikwe Nyumbani kwa Kibarua



Mimi nimeshika chuma tangu nilipomaliza darasa la saba. Fundi aliyenifundisha alikuwa na neno moja kila asubuhi: kutu ni adui. Tuliisugua kwa brashi ya waya, tukaipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na mvua ikitishia tulifunika vyuma kwanza ndipo tukajifunika wenyewe. Leo mteja anaingia Katwe hapa Kampala na gari lake zuri, anataka geti lenye kutu. Anataka ukuta wa hoteli wenye kutu, na meza ya kutu, na sanduku la kutu la kupandia maua. Mzee wangu angefufuka leo angesema tumerogwa.

Simcheki mteja. Pambo ni pambo, na fedha yake ni halali. Ninaloandika ni jambo lingine. Kutu hii ya pambo inatengenezewa wapi, na hatari yake inabebwa na nani?

Kwanza tujue ilikotoka. Huko Marekani, miaka ya 1930, kampuni ya United States Steel ilianza kuuza chuma kiitwacho Cor-Ten. Ndani yake mna shaba kidogo, kromiamu na vitu vingine. Chuma hicho kikishika kutu, kutu yenyewe hugandamana na kuwa kama ngozi, ikapunguza kuliwa kwa chuma kilicho chini. Mwanzoni kilitumika katika mabehewa ya reli. Mwaka 1964 makao makuu ya kampuni ya John Deere yalifunguliwa katika mji wa Moline, jumba zima likiwa na nguzo na boriti za chuma hicho. Wachoraji wa majumba wakaipenda rangi yake, na mtindo ukasambaa duniani.

Lakini Cor-Ten ni ghali na haipatikani kila duka. Basi tajiri hununua chuma cha kawaida, halafu humwambia fundi akitie kutu kwa dawa. Hapo ndipo shida inapoanza.

Mwanachama wetu mmoja alipewa vipande sita vya ukuta wa mkahawa. Kuchomelea alichomelea karakanani. Ilipofika zamu ya kutia kutu, tajiri akasema karakana imejaa, na harufu itawafukuza wateja, kwa hiyo avipeleke nyumbani kwake. Chupa za dawa alipewa. Glavu hakupewa, miwani hakupewa. Nyumba yake ni chumba kimoja chenye ua wa kuchangia na wapangaji wengine. Alichanganya dawa, akajaza chupa ya kupulizia, akafunga kifuniko kwa nguvu, akaiacha juani akaenda kula. Mke wake alikuwa anaanua nguo. Chupa ilipasuka na dawa ikampata machoni.

Mungu alisaidia. Jirani mmoja, mama muuza mboga, alimlaza chini akamwagia maji safi machoni, jagi baada ya jagi, bila kuacha, mpaka bodaboda ikapatikana. Jicho moja limepona kabisa. La pili bado linatoa machozi kwenye mwanga. Tulipokwenda kwa tajiri kuomba gharama za hospitali, jibu lake lilikuwa fupi: ajali imetokea nyumbani kwenu, si kwangu. Kisha akauliza vipande vyake vitakuwa tayari lini.

Ndugu zangu, jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tusome kazi yenyewe, maana fundi asiyejua dawa anayoishika ni sawa na mtu anayefuga nyoka gizani. Kutu haiji mpaka chuma kiwe kitupu kabisa. Ngozi ile nyeusi ya kiwandani hutolewa kwa msasa au kwa mashine ya kusagia, kisha mafuta yote huoshwa. Hapo hupuliziwa siki ili kukifungua chuma, kikaachwa kikauke. Halafu hupuliziwa mchanganyiko wa dawa ya kusafishia vidonda, ile inayotoa povu iitwayo haidrojeni peroksaidi, pamoja na siki kidogo na chumvi. Kwa nusu lita ya peroksaidi ya asilimia 3, siki vijiko vinne vikubwa na chumvi nusu kijiko hutosha. Juani, rangi ya machungwa huonekana baada ya dakika chache. Hurudiwa mara tatu au nne, kila mara chuma kikauke kwanza. Kikishaiva huachwa siku kadhaa, huoshwa kwa maji mengi, hukaushwa, ndipo hupakwa vanishi isiyo na rangi. Bila vanishi, kutu ya chuma cha kawaida haisimami. Itaendelea kula, na itapaka nguo za kila anayeegemea. Kumwuzia mteja chuma hiki kwa jina la Cor-Ten ni wizi, na lawama yake humrudia fundi.

Ukisikia hivyo utasema ni kazi ya jikoni: siki, chumvi, na dawa ya vidonda. Tajiri naye husema hivyo hivyo. Sasa sikilizeni upande wa pili.

Peroksaidi ikikutana na uchafu wa chuma hutoa hewa ya oksijeni. Ikiwa imefungwa ndani ya chupa, hewa hiyo haina pa kutokea, na chupa hupasuka. Ndiyo maana mchanganyiko huu hutengenezwa wa kutosha kazi ya saa ile tu, haufungwi na hauwekwi akiba. Tena peroksaidi na siki vikikaa pamoja huzaa asidi nyingine kali inayowasha macho na kifua. Peroksaidi ya asilimia 35, ambayo wengine huinunua ili kutu ije haraka, huchoma ngozi ikawa nyeupe.

Pili, wako wanaoongeza jiki wakidhani itasaidia. Jiki ikichanganywa na siki au asidi yoyote hutoa hewa ya klorini. Hewa hiyo ndiyo majeshi ya Ujerumani yaliyoifungulia askari wa upande wa pili huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Silaha ya vita haifai kutengenezwa mahali mtoto anapolala.

Tatu, bati la zinki halishiki kutu hii, kwa sababu zinki iliwekwa ili kuzuia kutu. Basi fundi huambiwa aiondoe zinki kwa asidi ya chumvi au kwa moto. Asidi hiyo ikila zinki hutoa hewa inayoshika moto upesi, na mvuke wake huunguza pua na mapafu. Na ukiichoma zinki kwa moto, moshi wake mweupe hukuletea jioni homa, baridi na maumivu ya viungo. Wangapi kati yetu tumekunywa dawa za malaria kumbe ugonjwa ni moshi wa zinki?

Zaidi ya hayo kuna vumbi la kusagia, na mvuke wa vanishi na thina ndani ya chumba kisicho na dirisha la pili. Na iko chupa ya soda iliyotiwa dawa ikawekwa chini ya kitanda. Mtoto hajui kusoma, anajua soda.

Najua watakuwapo wanachama watakaonipinga. Watasema kazi ya nyumbani inaokoa nauli, mke na watoto wanasaidia, na kipande kimoja zaidi ni karo ya shule. Sikatai njaa, nami naijua. Lakini tupige hesabu pamoja. Maji ni yako, sabuni ni yako, ua ni wako, na mke wako anafanya kazi bila jina lake kuandikwa popote. Siku tatu nne za kugeuza vyuma juani na kuvifunika mvua ikinyesha hazilipwi, kwa kuwa tajiri analipa kwa kipande. Faida ya karakana amechukua yeye, gharama ya karakana umeichukua wewe. Huo si msaada kwa mfanyakazi. Ni kuhamisha kiwanda kukipeleka chumbani kwake ili mkaguzi asikione.

Sheria nayo haijanyamaza. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inatazama kama ajali imetokana na kazi. Mimi nauliza: mwanachama wetu alikuwa anatia kutu vyuma vya nani? Ukuta wa nani? Kwa amri ya nani? Na kwa mke wake, ambaye tajiri atasema hakumwajiri, nauliza: dawa iliyompiga machoni ilinunuliwa na nani?

Na Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1996, lilipitisha Mkataba namba 177 juu ya kazi za nyumbani kwa malipo. Mkataba huo unasema sheria za usalama na afya zimfuate mfanyakazi hata nyumbani, na kwamba dawa fulani na kazi fulani zaweza kukatazwa kabisa zisifanyiwe nyumbani kwa sababu ya hatari. Mwaka 2022 Shirika hilo hilo liliongeza usalama na afya kazini katika haki za msingi za mfanyakazi. Kwa hiyo hatuombi sadaka.

Napendekeza matawi yetu yote ya mafundi wa vyuma yashike msimamo huu:

1. Kutia kutu kwa dawa ni sehemu ya kazi ya karakana. Ifanyiwe karakanani, mahali pa wazi penye upepo na maji ya bomba.

2. Mwajiri atoe glavu, miwani ya kukinga macho na kifuniko cha pua, bila kukata mshahara.

3. Siku za kusubiri, kugeuza na kuosha vyuma zihesabiwe kuwa siku za kazi.

4. Kila chupa ya dawa iandikwe jina lake kwa lugha wanayoisoma wafanyakazi, na chupa za soda zisitumike kamwe.

5. Asidi na kuchoma zinki visiruhusiwe nyumbani kwa mtu yeyote, hata akikubali mwenyewe.

6. Ajali ikimpata mtu kwa kazi ya tajiri, popote ilipofanyiwa, tajiri agharimie matibabu.

Na mpaka hayo yapatikane, wewe fundi ambaye leo umelazimika kuifanya kazi hiyo uani, vaa miwani, waondoe watoto, tengeneza dawa kidogo, usiifunge, na kila ikibaki uimwage ukiiongezea maji mengi. Dawa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yasiyopungua dakika 15, ndipo uende hospitali. Yule mama muuza mboga hakusoma kitabu, lakini alifanya lililo sawa kuliko sisi tulioshika chuma miaka 20.

Shauri la mwanachama wetu bado tunalo. Tawi limechanga gharama za hospitali, na barua ya madai imepelekwa. Vipande vile sita viko kwenye ukuta wa mkahawa, nimepita nikaviona, na kwa kweli vinapendeza. Watu wanapiga picha mbele yake. Hakuna anayejua kwamba mtu nusura apofuke kwa ajili ya rangi ile. Sisi tunajua, na kazi yetu ni kuhakikisha tajiri naye anajua.

Chuma kimoja kikiachwa peke yake huliwa. Vikifungwa pamoja ni jengo. Ndugu, njooni mkutanoni.