Kuziba Si Kunyamazisha

Mwandishi aliyedai kwamba kasha la kompyuta lenye diski nyingi hunyamazishwa kwa kuzibwa pande zote kwa sifongo, kwa staha zote namjibu kwamba rai yake ni batili, na kwetu Kitui na Makueni ina madhara. Kwani diski nane zizungukazo mara 7,200 kwa dakika hutoa joto lisilokoma, nalo likikosa pa kutokea hupunguza umri wa diski hizo. Kelele aghalabu ni mtetemo wa diski juu ya bati: ziwekewe vipira penye skrubu. Feni ya milimita 140, hata ikienda polepole, husukuma hewa ambayo ile ya 80 huisukuma kwa mayowe. Na vumbi la mji wa Wote, huko Makueni, wakati wa kiangazi, ambalo hakulitaja kabisa, lataka chujio mbele, lenye kuchomoka kwa mkono na kuoshwa.