Mikanda ya Watoto Garini

Akina mama wenzetu, mwezi huu tunazungumzia safari za watoto wetu wa shule. Huku Litumbandyosi watoto wengi huenda shuleni kwa miguu, kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba habari za basi la shule ni za watu wa mjini. Lakini ukifika wakati wa michezo, au kwaya ikialikwa Mbinga, tunakodi gari na kuwajaza humo.

Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Karatu. Watoto walikuwa wakienda kufanya mtihani wa ujirani mwema. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu tu ndio waliopona. Hatusemi kwamba mkanda ungewaokoa wote, maana korongo ni korongo. Lakini mtoto asiyefungwa hurushwa, akaumia yeye na kuwaumiza wenzake.

Wenzetu wa Kenya waliagizwa kufunga mikanda katika matatu tangu Februari 2004. Abiria wengi wakawa wanaivaa wakimwona polisi, wakishampita wanaivua, wakilalamika kwamba inachafua nguo. (Na kweli mingi ilikuwa michafu.)

Sisi nasi hatuna la kujisifia. Safari iliyopita, katika gari tulilokodi, mikanda mingine ilikuwa imekatwa ikafungia mizigo kwenye keria. Iliyobaki ilikaliwa na watoto, watatu katika kiti cha wawili. Tuliona, tukanyamaza, kwa sababu kila mtoto ambaye angeshuka angewaongezea nauli waliobaki.

Mkanda mmoja ni wa mtoto mmoja. Ule wa kiunoni ukae chini, kwenye nyonga, usikae tumboni, kwani gari likisimama ghafla huweza kumuumiza ndani. Wala mama asijidanganye kwamba atamshika mdogo mapajani. Gari likigonga, mikono haina nguvu hiyo.

Mwezi ujao kuna safari nyingine. Tumemwuliza mwenye gari: viti 26, mikanda mizima 11. Watoto walioandikishwa ni 41. Tumemwambia afunge mikanda iliyopungua, naye anataka tuongeze fedha. Tumeanza kuchanga, na gari litakwenda mara mbili.