Rovu Limetolewa, Je, Mgonjwa Amepona?



Katika vijiji vyetu vya Songea, mtu aliyepasuliwa rovu akirudi nyumbani hupokelewa kwa furaha. Shingo imenyooka, na kile kitambaa alichojifunga miaka mingi kuficha uvimbe hakina kazi tena. Majirani huja kumpa pole. Nyuzi zikishatolewa kila mtu husema, "Amepona." Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo. Siku hizi sisemi haraka.

Jioni moja aliletwa kwenye zahanati yetu mama mmoja, amepakiwa juu ya pikipiki, shemeji yake amemshika kwa nyuma. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa na kukusanyika pamoja, kama vya mtu anayetaka kuokota punje ya mtama, na havikunjuki. Alisema kwa shida kwamba tangu jana yake alisikia ganzi kuzunguka kinywa na kwenye ncha za vidole, kama anatembelewa na sisimizi. Shemeji alikwisha amua kwamba ni mashetani. Mimi niliyesoma nilidhani ni malaria iliyopanda kichwani. Nikapima, malaria hakuna. Nilikuwa nikitafuta sindano ya kumtuliza ndipo khanga ilipoteleza shingoni nikaona kovu bichi. Alikuwa amepasuliwa rovu siku tano zilizopita.

Hapo nikakumbuka somo la chuoni. Mkono wa kushoto ulikuwa umelegea kidogo. Niliufunga mkanda wa mashine ya presha, nikajaza upepo, nikasubiri dakika tatu. Nao ukakakamaa kama mwenzake. Nikaandika barua ya rufaa, tukatafuta gari. Hospitali walimchoma sindano ya kalsiamu katika mshipa, polepole sana, na shemeji aliniambia baadaye kwamba dawa haijaisha vidole vilianza kukunjuka.

Ningempa dawa ya usingizi na kumrudisha nyumbani, huenda angefika kwenye kifafa, au koo lingembana akashindwa kupumua. Nawaza hivyo mara nyingi, na ndiyo maana naandika.

Mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, iko tezi yenye umbo la kipepeo. Hiyo ndiyo inayovimba na kuwa rovu. Nyuma yake zimejificha tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, kila moja kama punje ya mchele. Wataalamu huziita parathairoidi. Zinakaa jirani, lakini kazi zao ni mbalimbali. Ile kubwa hutumia madini joto kutengeneza kitu kinachoongoza joto la mwili, nguvu, na kukua kwa mtoto. Hizi ndogo hulinda kiasi cha kalsiamu katika damu. Wengi tunajua kuwa kalsiamu ni ya mifupa na meno. Lakini misuli, mishipa ya fahamu na moyo pia haviwezi kufanya kazi vizuri bila hiyo. Ikipungua katika damu, ganzi huanza, kisha mikono na miguu hukakamaa.

Usifikiri basi kwamba daktari amekosea. Madaktari wanazijua tezi hizi na huzikwepa. Lakini rovu la miaka ishirini huwa limezisukuma huku na huko, na damu inayozilisha hupita katika vijishipa vyembamba sana. Zikiguswa huzimia. Kwa wagonjwa wengi huamka baada ya wiki kadhaa au miezi kadhaa. Kwa wachache haziamki tena, nao watameza dawa maisha yao yote. Hatari huwa kubwa zaidi siku tatu za kwanza, lakini wengine huanza kuumwa wakiwa wamekwisha fika nyumbani, kama yule mama.

Jambo hili si la kwetu tu. Uswisi ni nchi ya milima, na zamani marovu yalikuwa mengi huko kama yalivyokuwa mengi katika nyanda zetu za juu za kusini, kwa sababu ileile: udongo hauna madini joto ya kutosha. Katika mji wa Bern alikuwapo daktari Theodor Kocher, fundi hodari wa kutoa marovu. Vidonda vilikauka vizuri, na angeweza kuridhika. Lakini aliwaita wagonjwa wake wa zamani akawatazama upya. Akaona kwamba waliotolewa tezi yote walikuwa wamevimba nyuso, wamechoka, wazito wa kufikiri, na watoto miongoni mwao wameacha kukua. Akaitangaza habari hiyo mwenyewe mwaka 1883, ingawa ilimhusu yeye. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel. Mimi namheshimu zaidi kwa kuwaita wale wagonjwa kuliko kwa kisu chake.

Wako pia wanaopasuliwa kwa ajili ya tezi hizi ndogo zenyewe. Moja ikiota uvimbe hufanya kazi kupita kiasi na kuinyonya kalsiamu kutoka mifupani. Mifupa huuma na kuvunjika ovyo, figo hupata mawe. Mwaka 1925 huko Vienna, daktari Felix Mandl alitoa uvimbe wa namna hiyo kwa kondakta wa tramu aliyeitwa Albert Jahne. Maumivu yakapungua, akaweza kutembea tena. Miaka kadhaa baadaye maradhi yakarudi. Wagonjwa wa namna hii nao wanahitaji kuangaliwa baada ya upasuaji, maana mifupa iliyonyonywa muda mrefu huivuta kalsiamu yote ya damu, kama ardhi kavu inavyovuta maji ya mvua ya kwanza.

Turudi kwa mama yetu. Alirudi na vidonge vya kalsiamu, vitamini D ya namna maalumu, na thairoksini, kwa kuwa tezi yote kubwa ilitolewa. Vidonge hivi havimezwi kwa pamoja. Thairoksini humezwa asubuhi kwa maji, tumbo likiwa tupu. Kisha upite muda wa saa nne ndipo kalsiamu ifuate, la sivyo kalsiamu huizuia nyingine isiingie mwilini. Alinieleza kwamba alikuwa akimeza vyote kwa mkupuo mmoja na uji, ili asisahau.

Miezi miwili mumewe alinunua dawa. Mwezi wa tatu akasema, "Shingo imepona, dawa za nini tena?" Ganzi ikarudi. Mama akawa anadondosha vikombe. Akawa anasikia baridi mchana wa jua, analala hovyo, na akienda shambani hamalizi tuta mbili. Wifi zake wakasema amerudi na uvivu wa hospitali. Sauti yake ilikuwa imekwaruza tangu upasuaji, kwani mshipa wa fahamu wa sauti hupita palepale nyuma ya tezi, naye akaacha kwaya. Kwa macho ya kijiji alikuwa mtu mzima asiye na uvimbe. Kwa macho yake mwenyewe alikuwa na afadhali wakati ule wa rovu, maana alilima na kuimba. Maneno hayo aliniambia yeye.

Mume simlaumu peke yake. Waliuza mbuzi watatu na magunia ya mahindi kwa ajili ya matibabu, nauli na chakula cha msindikizaji. Hakuna aliyewaambia kwamba gharama hazitakwisha siku ya kuruhusiwa. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: familia inayojiandaa kwa upasuaji wa shingo ihesabu dawa za mwaka mmoja pamoja na gharama ya kisu. Kama mbuzi ni watatu, mmoja abaki zizini kwa kazi hiyo. Na kabla ya kutoka wodini, mgonjwa au ndugu yake aulize mambo mawili tu: mmetoa tezi yote au nusu? Nirudi lini kupima damu? Kipimo cha kalsiamu hatuna katika zahanati ndogo, hivyo siku ya kurudi ni muhimu kama dawa yenyewe.

Sisi watumishi nasi tusijitoe. Mgonjwa akiletwa ana ganzi au degedege, tutazame shingo kabla ya kufungua kabati la dawa. Mwaka 1973 babu na bibi zetu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakachimba vyoo. Choo kinaonekana na kinahesabika. Mtu aliyepasuliwa akarudi nyumbani hahesabiwi na yeyote, wala jina lake halimo katika daftari letu. Liandikwe.

Baadhi ya wenzangu wameniambia kwamba nikieneza habari hizi watu wataogopa upasuaji. Sikubali. Rovu linalobana koo ni lazima litolewe, na anayejua mapema kuhusu ganzi hatakimbilia kwa mganga wa mashetani.

Kuhusu chakula, dagaa wa Ziwa Nyasa wanaoliwa pamoja na miba yao ni wazuri, na maziwa pia. Vinasaidia, lakini havichukui nafasi ya vidonge. Chumvi yenye madini joto, iliyowekwa kisheria nchini katika miaka ya 1990, huwakinga watoto wetu wasipate rovu. Ifunikwe, isianikwe juani. Lakini aliyetolewa tezi yote hawezi kuifidia kwa chumvi hata akila kibaba. Nasema hivyo kwa sababu nimekuta mtu akijaribu.

Yule mama sasa anameza dawa zake kwa utaratibu. Sauti imerudi nusu. Bado hajarudi kwenye kwaya, na jembe anashika asubuhi tu.

Na wewe dada uliyepasuliwa, ukijiona una mimba usingoje miezi ipite. Nenda kliniki mapema, umwambie mkunga unameza nini, kwa sababu mara nyingi thairoksini huhitaji kuongezwa wakati huo, na mtoto aliye tumboni anaitegemea. Kama karatasi ya hospitali imepotea, fungua khanga uonyeshe kovu.