Rijili si namba moja, tuipime wenyewe

Leo naweka kando seva na lugha za kompyuta nizungumzie nyota. Usiondoke, kwa sababu hoja ni ileile ya siku zote: nani anakusanya data, nani anaitumia, na kwa nini sisi tumezoea kuwa wa kupokea tu.

Nyota yenyewe ni Rijili. Ramani za kimataifa huiandika Rigel, na majina yote mawili yametoka kwenye neno moja la Kiarabu lenye maana ya mguu, kwa kuwa ndiyo mguu wa lile umbo la mtu mkubwa aitwaye Jabari. Hapa Kabiria huhitaji darubini kuiona. Kati ya Desemba na Machi, usiku ukishaingia, tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, ule mshipi wa Jabari. Upande mmoja wa mshipi kuna nyota nyekundu, Betelgeuse. Upande wa pili kuna nyeupe yenye dalili ya samawati. Hiyo ndiyo Rijili. Mwanzoni mwa Februari, karibu saa tatu usiku, inakuwa juu ya utosi wako, imeegemea kusini kidogo tu. Taa za mulika mwizi na za maduka zimefuta nyota nyingi za mtaa huu, na stima ikipotea ndipo unapojua ni nyingi kiasi gani. Rijili haifutiki.

Ni jitu kuu la samawati. Uzito wake ni kama wa majua 20, na iko mbali kiasi cha miaka ya nuru 860 hivi. Yaani nuru utakayoiona leo iliondoka huko zaidi ya karne moja na nusu kabla Ibn Battuta hajatia nanga Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Tena haijatulia. Uso wake unatikisika kama maji kwenye karai: sehemu moja inavimba huku nyingine ikibonyea, na mitikisiko ya namna nyingi inapishana kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwangaza wake hupanda na kushuka. Katika kipimo cha wanaastronomia, ambamo namba ndogo ndiyo nyota angavu zaidi, Rijili hucheza kati ya 0.05 na 0.18. Ni tofauti ya asilimia 12 au 13 hivi. Jicho halitaiona. Kamera inaweza.

Sasa fungua orodha nyingi za nyota utakuta safu ya mwangaza ina namba moja tu: 0.13. Sisi wanaprogramu tunaujua ugonjwa huu. Mtu anachukua kitu kinachobadilika, anakiandika kama thamani isiyobadilika, kisha kila programu inayofuata inarithi. Namba isiyo na saa wala tarehe ya kupimwa ni nusu ya habari. Rijili ni nyota kigeugeu, na kigeugeu hakiwekwi kwenye namba moja. Kinahitaji jedwali refu lenye muda kwenye kila mstari.

Nani ajaze jedwali hilo? Hapa ndipo ninapotaka tubishane.

Utaniambia kuna satelaiti. Kweli zipo. Satelaiti ya Kanada iitwayo MOST, yenye darubini ya sentimita 15 tu, iliitazama Rijili kwa siku 28 mwishoni mwa 2009. Watafiti walipounganisha vipimo hivyo na vya miaka kadhaa kutoka ardhini, wakapata mitikisiko 19. Mfupi kabisa huchukua siku moja na kidogo, mrefu kabisa siku 74 hivi. Angalia hesabu hiyo tena. Siku 28 haziwezi kumaliza mzunguko wa siku 74. Satelaiti ina usahihi, lakini ina foleni ya kazi nyingine. Kinachohitajika ni mtu wa kuendelea kutazama, msimu baada ya msimu, na hilo halihitaji roketi.

Utaniambia basi kuna darubini kubwa za Chile na Hawaii. Hizo zimejengwa kutafuta vitu hafifu. Nyota angavu kama Rijili hufurika kwenye vihisi vyao kama bomba la zimamoto kwenye kikombe cha chai. Hapa udogo wa kifaa ni sifa, wala si umaskini.

Na mahali tulipo ni mtaji. London, Rijili haipandi zaidi ya nyuzi 30 kutoka upeo wa macho, kwa hiyo nuru yake hupita katika hewa mara mbili ya ile iliyo wima juu yetu. Nairobi inafika nyuzi 83. Kuna zawadi nyingine. Ili upime nyota kigeugeu lazima uilinganishe na nyota iliyotulia. Betelgeuse haifai kuwa rula. Sote tuliona ilivyofifia kati ya mwisho wa 2019 na Februari 2020. Nyota ya katikati ya mshipi haifai pia, kwani nayo ni jitu kuu la samawati linalotikisika. Inayofaa ni Procyon, yenye mwangaza wa 0.34. Iko mbali kidogo angani, lakini kwa mtu wa Nairobi Rijili hupita nyuzi 7 kusini ya utosi na Procyon karibu nyuzi hizohizo kaskazini. Subiri kama saa moja na robo baada ya Rijili kupita juu kabisa, utazikuta zote mbili kwenye kimo kimoja, nyuzi 70 hivi. Hewa inaziathiri karibu sawa, na sehemu kubwa ya masahihisho inajifuta yenyewe.

Kazi yenyewe haitishi. Weka kamera kwenye kigoda au kiegemeo imara juu ya paa. Izuie isirembeshe picha: chukua faili ghafi badala ya JPEG, kwa sababu programu za kamera hupenda kung'arisha na kulainisha, na urembo huo unaua kipimo. Vuruga fokasi kidogo ili nuru isambae kwenye pikseli nyingi bila kufurika. Piga picha 30 za Rijili, kisha 30 za Procyon. Chukua pikseli za kijani peke yake, jumlisha, toa mwanga wa anga, tafuta wastani. Mwanaprogramu wa mwaka wa kwanza anaweza kuandika hayo kwa wikendi moja. Kwa uangalifu utafikia usahihi wa 0.02, na hiyo inatosha kuona mchezo wa 0.13.

Muda uandike wa UTC, saa tatu nyuma ya yetu. Wanaastronomia hutumia tarehe ya Juliani, ambayo siku yake huanza adhuhuri, ili usiku mmoja usikatwe vipande viwili vya tarehe. Babu zetu wa pwani, waliohesabu siku kuanzia jua linapotua, wasingeshangaa. Wenye kalenda inayokatika katikati ya usiku ndio wanaopata taabu.

Wapo watakaosema hii ni anasa, vijana wanatafuta kazi. Nawajibu kwamba kujua kelele ya kihisi, kusawazisha vifaa viwili visivyolingana na kutunza data yenye muda sahihi ndiyo kazi ileile ya kupima hewa chafu, maji ya kisima au unyevu wa mahindi ghalani. Tofauti ni kwamba nyota haitozi ada ya mazoezi.

Tena tuna deni la historia. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kufikisha watu kwenye jitu kuu la samawati, jamaa ya Rijili lakini lisiloonekana kwa macho matupu, linalozungukana na shimo jeusi. Hadi leo vyanzo vingi vya eksirei vina majina yanayoanza na 4U, na hiyo U ni Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Sisi tulitoa bahari na jina.

Tangu hapo tumerusha vyetu: 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018, na Taifa-1 mwaka 2023. Hata hapa jirani, Riruta, kuna mtaa mzima uitwao Satellite. Ni hatua nzuri, ila tusigeuze satelaiti kuwa kisingizio cha kungoja serikali itutazamie mbingu.

Pendekezo langu ni dogo. Watu kumi: Nairobi, Kisumu, Mombasa, Arusha, Mbeya, ili mawingu yakifunika hapa kule kuwe wazi. Utaratibu mmoja, programu huria moja. Matokeo yaende AAVSO, chama cha Marekani kinachopokea vipimo vya nyota vigeugeu kutoka kwa yeyote duniani tangu 1911, na nakala ibaki kwetu, wazi kwa kila mwanafunzi. Mimi nimeanza kuandika sehemu ya kusoma faili ghafi. Anayejua takwimu kunishinda, na ni wengi, achukue sehemu ya makosa ya kipimo.

Januari na Februari ndiyo miezi yetu mikavu. Tuwe tayari kabla Machi haijaleta masika.